Chuo Ni Chako, Ada Ni ya Nani?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mjini hakuna salamu nyingine. "Vipi mshikaji, unaenda chuo gani?" Utaisikia kwenye daladala, utaisikia kijiweni, utaisikia hata nje ya msikiti na kanisa watu wakishatoka kusali. Na majibu nayo ni yale yale. Huyu atakwambia Mlimani, maana Mlimani ni Mlimani bwana. Yule anataka chuo chochote mradi kiwe Dar es Salaam, kwa sababu Dar ndiko kwenye mambo. Wa tatu anakwenda kule anakokwenda rafiki yake. Wa nne hajui, anamsubiri mjomba wake mwenye cheo aseme neno.

Ndugu msomaji, sina nia ya kuwacheka hawa. Kuchagua chuo si kama kununua shati, ukaona linabana ukalirudisha dukani. Miaka mitatu ya ujana ukishaitoa, imekwenda. Lakini leo sitaki tubishane ni chuo gani kilicho bora kuliko vyote. Nataka tuulizane swali lililojificha nyuma ya hilo: uchaguzi huu ni wa nani hasa? Wewe ndiye utakayekaa darasani, wewe ndiye utakayepiga msuli usiku kucha, jina lako ndilo litakaloandikwa kwenye cheti. Hilo halina ubishi. Lakini ada inatoka wapi? Na anayeitoa, ana haki ya kusema neno? Akishasema, wewe unalazimika kutii?

Kwa wengine hili ni swali la kwenye vitabu vya falsafa. Kwetu Mungaa ni swali la alizeti na mbuzi.

Kwa wasiopajua, Mungaa ni kata katika wilaya ya Ikungi, mkoa wa Singida. Wilaya yenyewe ni changa, ilimegwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi ya mvua chache. Tunalima uwele, mtama na alizeti, tunafuga ng'ombe, mbuzi na kuku. Mvua ikigoma, mwaka huo kila kitu kimegoma. Mahali kama hapo mtoto akifika chuo hafiki peke yake. Baba anauza mbuzi. Shangazi anauza kuku. Ndugu aliyeko Arusha anatuma kidogo kwa simu, aliyeko Dar anaahidi mara tatu anatuma mara moja. Katika ukoo wetu liko daftari. Ndani yake yameandikwa majina na kiasi alichotoa kila mmoja, tangu elfu hamsini hadi debe la mtama. Aliyetoa debe la mtama ameandikwa sawa na aliyetoa elfu hamsini.

Sasa, kila aliyeandikwa kwenye daftari hilo ana ndoto yake juu yako. Na ndoto za watu hutengenezwa na yale wanayoyaona. Mahambe, kijiji cha kata hii hii ya Mungaa, ndiko alikozaliwa Tundu Lissu mwaka 1968. Alisoma sheria Mlimani, akawa wakili, na mwaka 2010 akawa mbunge wa Singida Mashariki. Unakubaliana naye kisiasa au hukubaliani naye, hayo si ya leo. Ninachosema ni kwamba mzazi wa kwetu akisikia neno "sheria" halioni kuwa jambo la mbali. Vilevile hospitali ya Makiungu, ya Kanisa Katoliki, iko jirani. Akisikia "udaktari" anaona koti jeupe analolifahamu. Lakini mtajie fasihi, mtajie sosholojia, mtajie sanaa za maonyesho. Atakuuliza: hiyo ni kazi, au ni maneno?

Mwaka 2018 binti wa shangazi yangu alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alifaulu vizuri. Ukoo ukakaa kikao. Mimi niliitwa kutoka Dar kwa sababu ati ni msomi, na si unajua kazi ya msomi wa ukoo: kuwaambia wadogo yale ambayo wakubwa wameshayaamua. Baba mkubwa alitaka binti asome sheria, tena katika chuo kimoja binafsi cha Dar es Salaam alichosikia habari zake. Shangazi alitaka ualimu, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, mwalimu hata akiwa maskini anajulikana yuko wapi. Na binti? Binti anaandika. Ana madaftari mawili yaliyojaa mashairi na hadithi. Yeye alitaka kwenda Bagamoyo kusoma sanaa.

Watu wote wakanigeukia. "Haya msomi, mshauri mdogo wako."

Kabla sijakusimulia yaliyofuata, niruhusu nipite kwa wakubwa wawili waliowahi kulijibu swali hili, kila mmoja kwa namna yake.

Wa kwanza ni Mfaransa, Jean-Paul Sartre. Mwaka 1945, mjini Paris, alitoa mhadhara uliokuja kuwa maarufu. Humo alisimulia habari za mwanafunzi wake aliyemwendea wakati wa vita kuomba ushauri. Kaka wa kijana huyo alikuwa ameuawa na Wajerumani. Mama amebaki na huyu mmoja tu wa kumfariji. Kijana anataka kutoroka kwenda Uingereza kujiunga na Wafaransa waliokuwa wakipigana kutoka huko, na papo hapo anajua kwamba akiondoka, mama atazama katika majonzi. Afanye nini? Sartre alimjibu kwa ufupi mno: wewe ni huru, basi chagua. Hakuna kitabu wala mtu atakayekuchagulia. Akaeleza pia kwamba hata kumchagua wa kukushauri ni kuchagua jibu. Anayekwenda kwa padri ameshajua anakwenda kwa padri gani na atamwambia nini. Hapo mzee alisema kweli. Kijana anayetaka kuambiwa "njoo Dar" hamwulizi aliyeko Sumbawanga.

Wa pili ni wa kwetu, Mwalimu Julius Nyerere. Katika miaka ya 1960 alitoa mfano ambao wazee wengi bado wanaukumbuka. Kijiji kina njaa. Chakula kidogo kilichobaki anapewa mtu mmoja ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo ndiye msomi. Akishiba akasahau kurudi, huyo ni msaliti. Na Mwalimu hakuwa anatania. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, karibu 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao. Walipolalamikia mishahara ya wakubwa, yeye alikata wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaweka utaratibu kwamba kijana asitoke sekondari na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza kazini, na wale anaofanya kazi nao waseme kama anafaa.

Unaona tofauti? Kwa Sartre uchaguzi ni wako, na mzigo wake ni wako. Kwa Mwalimu umekula chakula cha watu, hivyo huwezi kujifanya umejizaa mwenyewe.

Nimewasoma wote wawili na kila mmoja ananiachia kiu. Jibu la Sartre linapendeza sana ukiwa peke yako chumbani. Lakini kijana wake hakuwa na daftari la majina. Angemwambiaje yule aliyetoa debe la mtama mwaka wa njaa: "Mimi ni huru"? Ni kweli, lakini ni kweli isiyotosha. Na mfano wa Mwalimu nao watu huutumia vibaya. Baba mkubwa wangu anaujua kwa moyo. Kwa maoni yake maana yake ni kwamba aliyechangia ndiye anayeamua. Hebu tuurudie polepole. Mfano unasema lazima urudi na chakula. Hausemi upite njia gani. Wale waliokupa chakula chao cha mwisho wanajua njaa kuliko wewe, lakini huko mbali hawajafika. Hawajui ni daraja lipi limebomoka na ni mto upi umejaa. Wakikulazimisha upite njia wanayoidhani, na ukafia njiani, wamepoteza msafiri na chakula pia.

Kwa hiyo nionavyo mimi, huna deni la utii kwa waliokuchangia. Una deni la aina mbili: kurudi na kitu, na kuwaeleza ukweli. Uwaambie njia unayotaka kupita, kwa nini unaiona inafaa, ina gharama gani na hatari gani. Chuo kinachokufaa ni kile unachoweza kumweleza aliyekulipia, kwa lugha anayoielewa, bila kuficha kitu. Ukiona kuna sehemu unataka kuiruka unapoeleza, simama hapo hapo. Hapo ndipo penye tatizo.

Basi hivyo ndivyo nilivyosema kwenye kikao. Nilisema siwezi kumchagulia mtu miaka yake. Ila binti apewe wiki moja aziulizie njia zote tatu, kisha asimame yeye mwenyewe atueleze kwa Kinyaturu: kila chuo kinafundisha nini, kwa miaka mingapi, gharama yote ni kiasi gani, na mkopo ukikosekana itakuwaje. Baba mkubwa akaguna. Lakini wazee wa kwetu wakiambiwa mtu atatoa maelezo, huwa hawakatai kusikiliza.

Jumapili iliyofuata alisimama. Alianza na sheria. Katika chuo kile binafsi, ada ya mwaka mmoja peke yake, bila chakula, chumba wala nauli, ilikuwa imepita jumla ya daftari letu lote. Na sheria ni miaka minne, ukimaliza bado kuna Shule ya Sheria kabla hujaitwa wakili. Baba mkubwa hakuwa ameambiwa hayo na yule aliyemsifia chuo. Kisha akaja Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981, na tangu 2007 ni taasisi, TaSUBa. Alieleza kuwa ni mahali pa heshima kwa anayetaka ngoma, muziki, maigizo na uchoraji. Halafu, mbele ya watu wote, akasema jambo ambalo mimi sikulitarajia. Katika kuuliza kwake amegundua kwamba yeye hataki jukwaa. Anataka kuandika vitabu. Mwisho akaja Dodoma, chuo kikuu kilichoanza mwaka 2007, njia ile ile ya basi linalopita Ikungi: shahada ya ualimu, Kiswahili kikiwa somo lake, miaka mitatu.

Baba mkubwa akauliza swali moja tu: "Na mkopo ukikosa?"

"Nitakaa nyumbani mwaka mmoja, baba. Nitajitolea kufundisha shule ya hapa, niombe tena mwakani. Sitawaomba muuze ng'ombe."

"Na ukimaliza ukakosa ajira?"

"Inawezekana. Wengi wanakosa. Nikikosa nitafundisha shule za binafsi kwa mshahara mdogo mpaka nipate."

Kimya. Kisha baba mkubwa: "Haya. Hilo nimelielewa."

Sitakudanganya kuwa hadithi hii iliishia kwa vigelegele. Mkopo alipata, si wote. Alimaliza mwaka 2021, na hadi leo ninapoandika haya ajira ya serikali hajaipata. Anafundisha kwa mkataba katika shule moja ya binafsi, na mshahara wake hauzidi sana nauli na chakula. Madaftari ya mashairi yamefika matano. Lakini nataka uone jambo moja. Baba mkubwa hajawahi kumwambia "si nilikwambia?" Hawezi. Hatari hiyo aliisikia siku ile kwa masikio yake, akaikubali, akatoa mbuzi wake akijua. Wote wawili walishika mzigo mmoja. Kama binti angekwenda kwa kuahidi utajiri, leo angekuwa anakwepa simu za nyumbani.

Najua msomaji wa mjini ameshaanza kubisha. Nasikia hoja tatu.

Kwanza atasema: "Mimi nasomeshwa na Bodi. Ukoo haunidai kitu." Sawa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005, na imewasomesha wengi ambao daftari la ukoo lisingewafikisha popote. Lakini bumu halidondoki kutoka mbinguni. Mama wa Mungaa anayenunua sabuni na sukari analipa kodi ndani ya bei, na huenda hana mtoto hata mmoja aliyevuka kidato cha nne. Naye yumo kwenye daftari, ila jina lake halikuandikwa. Halafu mkopo ni mkopo. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato ya mwajiriwa aliyekopa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara kila mwezi. Anayechagua kozi kwa sababu "si inalipiwa" anasahau kwamba mlipaji ni yeye mwenyewe wa miaka kumi ijayo. Huyo mtu wa kesho naye anastahili maelezo.

Pili atasema: "Nikiwaeleza ukweli, watakataa." Huenda. Lakini kueleza si kuomba ruhusa. Wakikataa kutoa fedha zao kwa jambo wasilolitaka, hiyo ni haki yao. Wewe nawe una haki ya kutafuta njia nyingine: kufanya kazi kwanza, kuanza na stashahada, au kusoma huku unafanya kazi kupitia Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Haki zote mbili ni za kweli. Unapodanganya, unachukua haki yao kimyakimya na kuiweka mfukoni pamoja na hela. Kila mmoja wetu anamjua kijana ambaye nyumbani wanajua yuko mwaka wa tatu, kumbe alishadisko mwaka wa pili, na bado kila muhula anaomba ada. Huyo hakuanza kudanganya siku aliyodisko. Mara nyingi alianza siku aliyochagua kozi asiyoiweza, kwa sababu jina lake lilipendeza kutajwa kijijini.

Tatu, na hii ndiyo hoja nzito: "Uchaguzi gani unaouzungumzia? Maskini hachagui. Anakwenda anakopangiwa." Kuna ukweli hapa, na anayeupuuza hajawahi kukosa nauli. Mwenye alama za chini na mfuko mtupu ana milango michache. Lakini michache si sufuri, na mwenye milango miwili anahitaji kufikiri zaidi kuliko mwenye ishirini, kwa sababu akikosea hana wa kumtoa. Na mmoja wa milango hiyo tunaudharau bure: ufundi. VETA imekuwepo tangu sheria ya mwaka 1994, lakini wangapi kati yetu wakiwa na alama za kwenda kozi yoyote ya shahada, hata wasiyoipenda, wangethubutu kusema wanataka ufundi umeme? Tungewaona wameanguka. Basi kumbuka Makerere. Chuo hicho kilichotamaniwa na Afrika Mashariki nzima, alikosoma Nyerere kuanzia mwaka 1943, kilifungua milango mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Babu yake Makerere ni randa na nyundo.

Sasa, kama unakubaliana nami kwamba kipimo ni kueleza, lazima uwe na cha kueleza. Chagua kozi kabla hujachagua chuo, maana jina la chuo halitakufanyia mtihani. Hakikisha chuo chenyewe kinatambuliwa. Vyuo vikuu vinasimamiwa na TCU, vyuo vya kati na ufundi na NACTVET, na orodha zao ziko wazi kwa kila mtu. Hili si jambo dogo: mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na wengi waliokuwa wanavitegemea walianza upya kutafuta. Tangu mwaka huo huo maombi yamekuwa yakipelekwa vyuoni moja kwa moja, si kupitia ule mfumo wa pamoja ulioanza 2010. Kwa hiyo kazi ya kuchunguza sasa ni yako. Hesabu gharama yote, siyo ada tu: chumba, chakula, nauli, karatasi, na wiki zile ambazo bumu limechelewa. Usimwulize anayetangaza chuo. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa pili, maana wa kwanza bado anashangaa na wa mwisho ameshaanza kusahau. Mwulize mwalimu anaingia darasani mara ngapi, maktaba inafungwa saa ngapi, na watu wangapi hurudia mtihani. Ukishindwa kupata hata mmoja wa kukujibu, hilo nalo ni jibu.

Na nyie wenzangu mnaoandika, mnaotuma mashairi kwenye kurasa kama hizi na kusubiri, nina neno lenu. Mnaniuliza mara kwa mara ni chuo gani kinamtoa mwandishi. Nijibuje? Shaaban Robert alimaliza shule mwaka 1926, akawa karani wa forodha, chuo kikuu hakukiona, na ndiye tunayesimama nyuma yake wote. Euphrase Kezilahabi alipata shahada yake Dar es Salaam mwaka 1970, na mwaka uliofuata "Rosa Mistika" ikatoka. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar, akasoma Canterbury katika Christ Church College, chuo kidogo kilichoanzishwa kwa ajili ya kufundisha walimu na ambacho shahada zake wakati huo zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Mwaka 2021 akapewa Nobeli. Watu watatu, njia tatu. Mmoja bila chuo kikuu, mmoja katika chuo kikuu cha taifa lake, mmoja katika chuo ambacho wengi wetu tusingekiandika hata kwenye nafasi ya tano ya fomu.

Chuo hakimpi mtu maneno. Kinachoweza kumpa ni vitu vitatu: muda, vitabu, na watu wa kubishana nao. Kama chuo chenye jina kubwa kitakufanya ushinde unahangaika na kodi ya chumba, umekosa muda. Kama chuo cha jirani kina maktaba nzuri na wenzako watatu wanaopenda kusoma, umepata mawili kati ya matatu, na la tatu utalitafuta alfajiri. Hivyo ndivyo unavyoweza kuieleza hata fasihi kwa baba mkubwa. Usimwambie unakwenda kusoma "sanaa ya neno". Mwambie unakwenda kujifunza kuandika na kufundisha watoto wa watu kuandika, itachukua miaka mitatu, inaweza isilipe haraka, na sababu yako ni hii. Anaweza asipende. Lakini hatasema hakuambiwa.

Kuna kijana atakayesoma haya akiwa na fomu mkononi, na jina la chuo ameshaliandika. Simwambii alifute. Namwomba kabla hajaituma aende kwa mtu mmoja, yule aliyetoa kidogo kuliko wote, ambaye kwake kidogo hicho kilikuwa kingi. Amweleze anakwenda kusoma nini, wapi, kwa shilingi ngapi, na nini kinaweza kuharibika. Asiruke kitu. Akimaliza bila kutazama chini, aitume fomu yake. Akijikuta anatazama chini, fomu isubiri kesho.